"Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi"? Nani Kasema!

Ubuyu wa wiki unamhusu staa mmoja wa mjini, yule wa kope ndefu na wafuasi kibao. Kaposti simu Insta: "Mpya kabisa, kutoka Dubai." Binti wa Wambaa, kule Mkoani, Pemba, katuma pesa. Simu ikavuka kwa boti. Siku ya nne betri ikavimba. Akaandika kwa adabu: "Shikamoo dada, ile simu imeharibika." Jibu: "Mpenzi, soma risiti. Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kuuliza tena, kablokiwa.

Kinachokera zaidi ni mashabiki kumcheka binti: "Si ungeikagua kwanza!" Angeikaguaje, yeye yuko Wambaa na simu iko Unguja? Nauli ya kwenda kugombana tu ingemla.

Sikilizeni. Risiti ilikuja baada ya pesa kutumwa. Sharti ambalo mnunuzi hakuoneshwa kabla ya kulipa haliwezi kumfunga kinyemela. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Bara, Sura ya 214, inafuata kanuni ya Uingereza ya mwaka 1893: kitu kifanane na kilivyoelezwa, na kinachouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo kiwe na ubora wa kuuzika. Hata kama neno "waranti" halikutamkwa! Ulikagua ukaona ufa wa kioo ukalipa? Huo wako. Betri mbovu iliyojificha ndani ya simu iliyoitwa mpya? Huo mzigo wa muuzaji.

Zanzibar nayo ina sheria yake ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, Namba 5 ya 2018, pamoja na Tume ya kuisimamia. Mastaa wanajua watu hawaendi huko, ndiyo maana wanajiachia.

Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki? Zilizimika mikononi mwa wanunuzi, wakati pesa zilishaingia mifukoni mwa wauzaji. Tukacheka, tukatengeneza vichekesho, maisha yakaendelea.

Staa akipokea pesa, yeye ni muuzaji kama wa dukani, kope zisimkinge. Piga skrinishoti ya tangazo kabla halijafutwa, tunza meseji ya malipo, dai kwa maandishi, kisha peleka malalamiko Tume.

Na nyie mnaomtetea kwa sababu anapendeza: simu ingekuwa yenu, mngecheka? Tiririkeni hapo chini.