Kabla ya Kuziba Ufa, Uulize Udongo

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa jijini kuna familia ambazo zimeziba ufa ule ule mara tatu au nne, na kila baada ya mvua unarudi. Fundi analaumiwa. Saruji inalaumiwa. Jirani mwenye maneno husema ploti ile ina mkosi. Kumbe mara nyingi mkosaji yuko chini ya sakafu, naye ni udongo.

Basi juma hili tuzungumze juu ya miamba, madini na udongo. Ninyi wanafunzi mmeyasoma haya katika jiografia. Wazazi nao wasigeuze ukurasa, maana pesa zao zimo humu.

Sufuria ya githeri

Watu wengi huchanganya mwamba na madini. Hebu fikiria sufuria ya githeri. Ukiitazama kwa mbali ni chakula kimoja, lakini ukisogea karibu unaona mahindi na maharagwe. Mwamba ndio githeri. Madini ndiyo mahindi na maharagwe yenyewe. Kila aina ya madini ina muundo wake wa kikemia, ugumu wake na umbo la chembe zake.

Miamba nayo imegawanyika katika jamaa tatu, na jamaa zote hizo huenda ziko nyumbani mwako.

Tazama ukuta. Yale mawe ya kuchongwa yanayoletwa na malori kutoka Juja na Ndarugo ni miamba moto, yaani iliyozaliwa na volkano. Mamilioni ya miaka iliyopita volkano za Bonde la Ufa na kando zake zilitapika moto na majivu. Milima ya Ngong tunayoiona kutoka mjini ni mabaki ya volkano moja kama hizo. Majivu yaliyotua yalilundikana, yakashikana, yakawa mawe ambayo fundi anaweza kuyachonga kwa nyundo na patasi.

Tazama saruji. Hiyo hutengenezwa kwa mawe ya chokaa. Kule Bamburi, Mombasa, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka wa 1954, chokaa hilo ni matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wadogo wa baharini walioishi wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, imejengwa kwa matumbawe hayo hayo. Miamba inayojengeka kwa mabaki na masimbi yanayotua moja juu ya jingine huitwa miamba tabaka.

Tazama mchanga uliochanganywa na saruji hiyo. Mwingi hutoka katika mito ya Machakos na Makueni. Huko Ukambani chini kuna miamba geu, ya zamani sana kuliko volkano zetu. Miamba hii ilizikwa chini mno, ikabanwa na kupashwa joto hadi ikabadilika kabisa, kama vile unga uliokandwa ukawa chapati: ni ule ule unga, lakini haurudi tena kuwa unga. Jua na mvua zikiichakaza, madini laini huoza, na yale magumu yanayong'aa kama kioo, yaitwayo kwatzi, hubaki. Hayo ndiyo mchanga mzuri wa mtoni.

Mwamba ukizeeka

Udongo ni mwamba uliozeeka. Jua huupasua, maji huuyeyusha kidogo kidogo, mizizi hupenya nyufani, nao wadudu na minyoo husaga na kuchanganya. Yakiongezwa majani yaliyooza, hewa na maji, tunapata udongo. Kazi hii haina haraka. Sentimita moja ya udongo yaweza kuchukua mamia ya miaka kupatikana, ilhali mvua moja kubwa yaweza kuichukua kwa alasiri moja.

Sasa hapa pana jambo la kustaajabisha. Ukipanda matatu kutoka Kabete hadi Embakasi, unaanza safari kwenye udongo mwekundu na kuimaliza kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Je, chini kuna miamba tofauti kabisa? La hasha. Kote huko chini kumelala miamba ya volkano. Kilichotenganisha ndugu hawa ni maji.

Kabete, Kiambu na Limuru ni nchi ya miteremko, na mvua ni nyingi. Maji hupita ndani ya udongo na kwenda zake. Katika kupita kwake husomba chokaa na chumvi nyingine, yakaacha nyuma chuma kilichoshika kutu. Kutu hiyo ndiyo wekundu unaouona.

Embakasi, Ruai, Syokimau na Kitengela ni tambarare. Maji hayana pa kwenda, hutuama. Yale yote ambayo yangesombwa hubaki pale pale na kujiunga upya kuwa aina nyingine ya mfinyanzi. Huo ndio udongo mweusi ambao mafundi wetu huuita blakikotoni.

Kitabu kilichoanguka majini

Chembe za mfinyanzi zina kurasa kama kitabu. Katika udongo mwekundu kurasa hizo zimeshikana imara, maji hayapati nafasi ya kuingia kati yake. Katika udongo mweusi zimelegea. Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya kila ukurasa na mwenzake, na udongo unavimba kama daftari lililoangukia beseni la maji. Kiangazi kikija, maji hutoka, udongo unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto huweza kuingia.

Sasa weka nyumba juu ya kitu kama hicho. Mvua za Machi hadi Mei zinainua msingi, kiangazi kinaushusha. Oktoba unainuka tena. Tena hauinuki sawasawa: upande wenye bomba linalovuja huvimba zaidi, na upande wenye mti mkubwa husinyaa zaidi. Ukuta wa mawe haujui kujikunja. Unapasuka.

Waliojenga reli walikutana na matope haya mapema. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, walichagua tambarare kwa ajili ya yadi na karakana, kwa kuwa treni haipendi mlima. Lakini wakubwa wa reli walijenga nyumba zao juu kilimani, wakauacha mji ule chini kwenye kinamasi.

Wala tusiutukane udongo mweusi. Kwa mkulima wa mpunga kule Mwea ni baraka, kwa sababu hushika maji na kuyazuia yasipotee. Ubaya si wa udongo. Ubaya ni kujenga juu yake kana kwamba haupo.

Ufanye nini?

Kama unanunua ploti, usiitazame hati na barabara peke yake. Omba ruhusa uchimbe shimo. Udongo mweusi unaweza kuwa na kina cha nusu mita, na mahali pengine ukazidi mita mbili. Kila futi ni gharama ya kuchimba na kusomba, na ni heri uijue kabla hujatoa arubuni.

Kama unajenga, toa udongo mweusi wote mpaka ufikie muramu au mwamba. Uutoe chini ya sakafu pia, si chini ya kuta tu. Kisha jaza mawe na muramu ulioshindiliwa vizuri. Fundi atakayekushauri urudishe udongo ule ule ili uokoe nauli ya lori, mshukuru na umkatalie. Kina kikiwa kirefu, mtafute mhandisi akuchoree msingi unaofaa.

Kama nyumba imekwisha jengwa na inapasuka, yatafute maji kwanza. Weka mifereji ya paa, yaongoze maji mbali na kuta, ziba mabomba yanayovuja, na usipande mkaratusi karibu na nyumba. Kupiga plasta kabla ya hapo ni kumpaka mgonjwa poda. Na iwapo milango imeanza kukwama au ufa unapanuka mwaka hadi mwaka, mwite mhandisi, usingoje.

Jaribio la watoto

Tafuteni vifuniko viwili vya kopo vilivyo sawa. Kimoja kijazeni udongo mwekundu uliolowa, kingine udongo mweusi uliolowa. Visawazisheni kwa kisu cha mezani na kuviweka juani siku tatu. Kisha pimeni kwa rula ule mwanya uliojitokeza kati ya udongo na ukingo wa kifuniko. Ule wenye mwanya mkubwa zaidi ndio wenye tabia ya kuvimba na kusinyaa. Andikeni vipimo vyenu, na msisahau kunawa mikono.

Jaribio hilo halina gharama, wala halihitaji maabara. Mzazi anayetaka kununua ploti na akamwona mwanawe akipima mwanya ule, na aketi chini atazame pamoja naye.