Binti Anapotaka Kugandisha Mayai Yake

Mama mmoja wa Tanga ametuandikia barua ya kurasa mbili, na ukurasa mzima wa kwanza ni wa kuomba radhi kwa jambo analotaka kuliuliza. Binti yake, mwuguzi wa miaka 36 ambaye hajaolewa, anafanya kazi mjini Leicester, Uingereza. Ameandika nyumbani kwamba fedha alizokuwa akiziweka kwa ajili ya kumalizia nyumba ya mama, atazitumia kwanza kugandisha mayai yake ya uzazi. Mama anauliza: je, jambo hilo lawezekana, au mwanawe ametapeliwa? Na ni kazi gani hiyo inayopendwa kuliko mtoto?

Lawezekana. Mwaka 1986, huko Australia, Daktari Christopher Chen alitangaza kuzaliwa kwa pacha waliotokana na yai lililogandishwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye mayai mengi yaliharibika, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya yai yakiganda hufanya chembe za barafu zinazolipasua. Siku hizi yai hupunguzwa maji, likatiwa dawa, kisha likagandishwa ghafla katika naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisema kuwa utaratibu huo si wa majaribio tena, ingawa wakati huo kilisita kuwapendekezea wanawake wenye afya njema wanaotaka kuahirisha uzazi tu.

Kwa hiyo binti hakutapeliwa. Lakini aelewe vizuri anachokinunua.

Mamlaka inayosimamia tiba ya uzazi nchini Uingereza imekadiria kwamba kuyatoa mayai na kuyagandisha hugharimu wastani wa pauni 3,350. Dawa ni pauni 500 hadi 1,500 juu ya hizo. Kuyahifadhi ni pauni 125 hadi 350 kila mwaka. Siku atakapoyahitaji, kuyayeyusha, kuyatungisha na kupandikiza mimba ni pauni 2,500 nyingine. Jumla yake ni kati ya pauni 7,000 na 8,000, nayo aghalabu hutoka mfukoni mwa mwanamke mwenyewe. Bei inayotangulia kutajwa ni ile ya kwanza tu. Hizo nyingine huja baadaye, kama kodi ya nyumba usiyoishi. Sheria ya Uingereza tangu Julai 2022 inaruhusu mayai kuhifadhiwa hata miaka 55, mradi mwenyewe athibitishe ridhaa yake kila baada ya miaka 10.

Na mtoto je? Hapa ndipo tunapoomba mama na binti wasome polepole. Mwaka 2022 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York walitoa matokeo ya miaka 15 ya wanawake 543 waliorudi kuyatumia mayai yao. Waliopata mtoto walikuwa 39 katika kila 100. Wastani wa umri wao walipogandisha ulikuwa miaka 38. Kwa waliogandisha kabla ya kufika miaka 38, waliofanikiwa walikuwa 51 katika 100. Na miongoni mwa hao, wale walioyeyusha mayai 20 au zaidi walikuwa 70. Lakini mayai 20 aghalabu hayapatikani kwa safari moja. Kila safari ni sindano za homoni za siku kumi na kitu, tumbo kujaa, kisha kuvutwa mayai kwa sindano ndefu. Wachache huvimba ovari kiasi cha kulazwa. Nayo gharama huanza upya.

Wapo pia wengi wasiorudi kabisa, ama kwa kuwa walizaa bila msaada huo, ama kwa kuwa maisha yalikwenda njia nyingine.

Kuhusu kupenda kazi kuliko mtoto, mama yetu asiharakishe hukumu. Profesa Marcia Inhorn wa Chuo Kikuu cha Yale alizungumza na wanawake wa Marekani zaidi ya 150 waliogandisha mayai, na katika kitabu chake cha mwaka 2023 alieleza kwamba sababu kubwa haikuwa kazi, bali kukosa mwenzi wa kuzaa naye. Sisi wenyewe tulidhani vingine kabla ya kusoma.

Binti na aiulize kliniki kabla ya kulipa: kati ya wanawake wa umri wangu waliorudi hapa kwenu, wangapi wameondoka na mtoto? Si mayai mangapi yaliyeyuka salama; watoto wangapi. Na kama ameamua, asingoje hadi miaka 40, kwani yai hugandishwa na umri wake.

Mwishoni mwa barua mama anauliza kama amweleze baba. Tunaona hilo ni la binti mwenyewe kulisema.