Feza ya wahanga isiliwe na makaratasi

Juni 2000, tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana hapa Kisangani, mabomu yakatuangukia sisi. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: 225 juu ya watu, 40 juu ya mali, 60 juu ya utajiri wa ardhi, dhahabu na almasi zikiwa ndani. Nchi yetu ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Tofauti ile inatoka sana kwa ushahidi: majaji waliona makaratasi yaliyoletwa hayatoshi. Lakini mutu aliyezikwa nyuma ya nyumba wakati wa mabomu, akti ya kifo angeipata wapi?

Leo makaratasi yamerudi kwetu. FRIVAO, mfuko wenye makao yake hapa Kisangani, ndio unapaswa kujua nani ni mhanga wa kweli. Sisi wa sendika hatukatai dosie zikaguliwe. Wadanganyifu wako, hata kwenye karyeri zetu jina moja linajiandikisha mara mbili. Tunauliza tu: kuzisoma kunakula ngapi, na nani analipa?

Juu kazi hiyo inakula feza kweli. Kule Marekani, kampuni zikishtakiana, kila upande unalazimishwa kuonyesha mwenzake barua zake zinazohusu kesi. Watafiti wa RAND walikuta mwaka 2012 kwamba katika kila dola moja ya kazi hiyo, senti 73 zinaenda kwa kusoma. Kukusanya ni senti 8 tu. Mwaka ule ule jaji mmoja wa New York alikubali ordinatere isaidie: avoka anasoma sehemu ndogo, mashini inajifunza kwake, kisha inapanga zinazobaki. Na sheria yao inataka gharama isipite uzito wa kesi.

Hatuombi mashini za New York. (Umeme wenyewe wa hapa, tunaujua.) Lakini akili ile inatufaa. Majina yanayojirudia yatolewe kwanza, kabla mutu hajalipwa kusoma. Fomu iwe moja, namba moja kwa kila mhanga, karatasi zipigwe picha mara moja tu, kwenye komini, bure. Mwenzetu mmoja, baba yake alikufa Juni ile, amepeleka dosie kwa biro moja mara tatu. Kila mara wanaomba fotokopi mpya, kila mara anaacha siku mbili za kazi shimoni. Hiyo pia ni gharama, ila hakuna kitabu kinachoiandika.

Dosie zilizo wazi zipite haraka. Maavoka waachiwe zile za mashaka: majina yanayopingana, nyumba moja yenye wenyewe wawili. Asiye na akti alete mashahidi watatu wa avenyu yake, maana kumutuma tribinali kunaweza kupita kile atakachopata.

Tufanye hesabu ya shule. Tuseme dosie laki moja, kila moja dola 40 za kusoma: ni milioni nne. Ikishuka kuwa dola 10, milioni tatu zinabaki kwa wajane.

Basi mbele ya malipo mengine, tunataka kibandikwe kwenye ukuta wa kila komini: dosie ngapi zimesomwa, ngapi zimekataliwa na kwa nini, na kila moja imekula dola ngapi.