Mshika Kisu Hajilishi

Viongozi wetu hupenda kuzungumzia "keki ya taifa". Sina ugomvi na msemo huo. Ugomvi wangu ni na wale wanaoutumia ilhali wamesahau adabu ya keki yenyewe.

Tazama harusi yoyote mjini Shinyanga au Kahama. Mshereheshaji huwaita maharusi mbele, nao hukishika kisu kimoja kwa pamoja. Bwana humlisha bibi, bibi humlisha bwana. Kisha keki hupelekwa kwa wazazi na wakwe, na mara nyingi bibi harusi hupiga magoti anapoitoa. Hakuna anayejilisha. Maana ya tendo zima imo humo: kushika kisu ni kupewa wajibu wa kulisha, na wanaotangulia kukumbukwa ni waliotulea. Keki ni ngeni kwetu sisi watu wa ugali na michembe, lakini adabu hiyo si ngeni hata kidogo.

Sasa ingia katika hafla za ofisi za umma. Nilialikwa katika mojawapo, ya kumpongeza mkuu wa taasisi fulani ya ukanda huu. Mchango uliitwa wa hiari, lakini orodha ya waliotoa na wasiotoa ilikuwa imebandikwa ukutani. Mkuu alikata keki, akalishwa, akawalisha wenzake wa meza kuu, na sehemu kubwa iliyobaki ikafungwa na kupelekwa garini kwake. Wahudumu na walinzi, ambao majina yao yalikuwamo katika orodha ile, walipiga makofi. Hawakuonja.

Wapo watakaosema kwamba keki ni jambo dogo. Sikubaliani nao. Sherehe ni shule. Mtumishi kijana anayefundishwa leo kushangilia mbele ya sahani tupu hatauliza kesho fedha za zahanati zimekwenda wapi. Amekwisha kufuzu somo la kunyamaza.

Na katika ukanda huu somo hilo lina gharama. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na yakaitaka migodi iandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii kwa makubaliano na serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba halmashauri nazo zimeshikishwa kisu. Je, wa kwanza kulishwa ni nani? Ni mtoto anayeketi sakafuni darasani, au ni posho ya kikao kilichoitishwa kumjadili mtoto huyo? Tukumbuke pia kwamba mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulikoma kuzalisha mwaka 2021. Keki ya harusi yaweza kuokwa nyingine. Dhahabu ikishatolewa ardhini haiokwi tena.

Huwa tunawabeza wachimbaji wadogo wa Geita kuwa ni watu wasio na ustaarabu. Lakini nenda ukaone mgawo wao. Mifuko ya mawe huhesabiwa hadharani, penye mdomo wa duara: hii ya mwenye leseni, hii ya mwenye duara, hii ya wachimbaji. Huenda wakagombana kuhusu fungu la kila mmoja, tena kwa haki, lakini hakuna anayegombania asichokiona. Kwa adabu ya kugawana, duara limeipita meza kuu.

Wito wangu kwa watumishi wa umma ni mwepesi. Mkuu anayetaka keki aigharimie mwenyewe, na akiikata, aanze na mhudumu anayefagia ofisi yake. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mkisikia "keki ya taifa", ulizeni ni nani ameshika kisu na ni nani amekwisha kula. Ikiwa tunao ukuta wa kubandika majina ya wasiochangia keki ya mkuu, basi tunao pia ukuta wa kubandika matumizi ya fedha za dhahabu.