Taa ya injini imewaka? Usinunue sensa nne kwa ugonjwa wa moja

Haya ni kwa wanadiaspora wa Dallas, Fort Worth na Houston. Leo tunaongea na wenye magari ya mwendo: Mustang, Camaro, 370Z, Miata. Tunajua mnasemwa kwenye magrupu ya WhatsApp, eti kijana kaja juzi tu, nyumbani kwao paa halijaisha, yeye tayari ana Mustang. Hayo mtamalizana na familia zenu. Sisi tuna neno juu ya kifaa kimoja kidogo kinachomaliza hela za watu bila sababu: sensa ya oksijeni.

Msimamo wetu ni huu. Usibane hela kwenye ubora wa sensa. Bana kwenye idadi. Nunua moja, ile iliyokufa, na iwe ya kampuni inayotengeneza zile za kiwandani. Basi.

Kwa nini jambo hili ni la kuandikiwa kwenye ukurasa wa akiba? Kwa sababu ya Texas yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ukaguzi wa usalama wa magari binafsi umefutwa, na watu wengi waliposikia hivyo wakashangilia. Lakini kipimo cha moshi hakijafutwa huku kwetu. Kipo Dallas, Tarrant, Collin, Denton, Ellis, Johnson, Kaufman, Parker na Rockwall. Houston na majirani zake kipo Harris, Fort Bend, Galveston, Brazoria na Montgomery. Gari la petroli la umri wa miaka 2 hadi 24 lazima lipimwe kila mwaka. Taa ya injini ikiwa imewaka, umefeli. Ukifeli, usajili hauhuishwi. Na kwa mtu anayeingia shifti ya alfajiri kwenye maghala ya Alliance, au anayelala kazini akitunza mzee kule Katy, gari ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo maana taa ile ikiwaka watu wanapaniki na kulipa chochote wanachoambiwa.

Sasa tuelewane kifaa chenyewe. Sensa imekaa kwenye bomba la ekzosi. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, halafu inaiambia kompyuta ya injini iongeze au ipunguze petroli. Gari lenye injini ya V6 au V8 kwa kawaida lina sensa nne: kila upande wa injini una moja kabla ya masega na moja baada yake. Miata, yenye silinda nne za mstari mmoja, ina mbili tu. Kwa hiyo mwenye V8 akiambiwa "sensa zako zimekwisha, tubadilishe zote", bili yake ni mara nne.

Usikubali kabla ya kusoma namba ya hitilafu. Stoo za spea kama AutoZone zinakusomea bure, pale pale parkingi. P0135 ina maana hita ya sensa ya mbele, benki ya 1. P0141 ni hita ya sensa ya nyuma, benki hiyo hiyo. P0155 na P0161 ni ndugu zake wa benki ya 2. Benki ya 1 ni upande wenye silinda namba 1, na hapa watu wanapotea: kwenye Mustang ya V8 ni upande wa abiria, kwenye Camaro ya V8 ni upande wa dereva. Ukikosea upande umenunua sensa nzuri, umeifunga pasipo na ugonjwa, na taa bado inawaka.

Kuna namba nyingine ambazo hazisemi ununue sensa hata kidogo. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli: inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka au ekzosi inavuja, hasa kama umeibadilisha ili ingurume. P0420 inalalamikia masega. Sensa hapo ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Tena kabla ya kulipia masega mapya, angalia umri wa gari: sheria ya shirikisho inayapa masega na kompyuta ya injini dhamana ya miaka 8 au maili 80,000, kinachotangulia, hata kama gari ulilinunua mtumba. Dhamana inafuata gari, haifuati mtu.

Haya, namba imesema sensa moja imekufa. Ununue ipi? Angalia jina lililoandikwa kwenye ile ya zamani. Magari ya Kijapani mara nyingi yanatoka kiwandani na Denso au NTK, ya Kijerumani mengi yana Bosch. Nunua jina hilo hilo, yenye plagi yake tayari. Zile za kukata na kuunga waya ni rahisi, lakini kiungo kibaya kwenye joto na maji ya chini ya gari ni tatizo jipya. Usidanganyike pia kwamba ya mbele na ya nyuma ni moja kwa sababu zinafanana. Kwenye magari mengi ya kisasa ya mbele ni aina nyingine kabisa. Ulinganishe namba ya spea na mwaka, modeli na injini ya gari lako. Na bei ya mtandaoni ikiwa ya ajabu, jua kuna feki zenye boksi zuri. Nunua mahali panapopokea mzigo ukirudi.

Tuseme, kwa mfano tu, sensa isiyo na jina ni dola 25 na yenye jina ni dola 75. Mwenye kununua nne za dola 25 ametoa 100. Mwenye kununua moja ya 75 amebaki na 25, na amefunga kitu ambacho kompyuta ya gari inakielewa. Rahisi ni ghali, tunaimba kila siku, lakini kwenye spea tunasahau.

Wapo mafundi waaminifu wanaosema zibadilishwe kwa jozi, kwa kuwa zina umri mmoja. Hoja ina maana kwa gari lililokwenda maili nyingi, kama hela ipo. Ila kama mwezi huu kuna kodi ya nyumba na ada ya shule nyumbani, sensa iliyo hai si deni. Iache ifanye kazi.

Ukitaka kuifunga mwenyewe, stoo zinaazima soketi ya sensa kwa amana unayorudishiwa. Injini iwe ya uvuguvugu, si ya moto. Grisi ya nyuzi isiguse ncha ya sensa. Nyuzi zikigoma, acha, peleka kwa fundi ulipie ufundi tu, ila muulize kwanza kama anapokea spea ya mteja.

Mwisho, usifute namba asubuhi ukaenda kupima mchana. Kompyuta inahitaji muda wa kujipima, na gari la mwaka 2001 kuja juu linaruhusiwa kipengele kimoja tu ambacho hakijakamilika. Endesha siku kadhaa, mjini na haiwei, ndipo uende. Ukifeli, rudi kituo kile kile ndani ya siku 15, kipimo cha pili ni bure. Na huyo jamaa anayetaka kukutolea masega "gari lipumue" mkimbie: ni kinyume cha sheria, na hapa kwetu hupiti kipimo.

Ile hela ya sensa tatu ambazo hukununua, itume au iweke leo leo. Ikikaa mfukoni na mwenye Mustang, tunajua inakoishia: rimu mpya.