Tumwambie Fundi, Tusiambiane Barazani

Sisi watu wa pwani tuna ustadi mmoja ambao sidhani kama tuna mpinzani, nao ni kulalamika pasipo kusikiwa na yule tunayemlalamikia. Kanzu ikibana kwapani, mtaa mzima wajua, ila fundi cherahani hana habari. Siku hizi ada hiyo tumeihamishia kwenye kompyuta, na huko yatutia hasara.

Nasema haya kwa kuwa nami nimo. Zamani si nyingi, maalim mmoja wa chuoni kwetu aliniomba nimpigie chapa kurasa za masomo ya watoto: mstari wa Kiarabu, na chini yake maelezo ya Kiswahili. Nikatumia programu moja huria ya kuandikia, jina lake naliweka. Kazi ilipotoka, mabano yalitazama kinyume, na nukta ilikaa mwanzo wa mstari badala ya mwisho. Maalim akavua miwani akasema, "Mwanangu, nukta hii imekuwa imamu, imewatangulia maamuma wote."

Barazani wakanipoza: "Si ya bure, bwana? Cha bure hakina mwenyewe."

Hapo ndipo tunapokosea. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, kila ajuaye aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Fikra yenyewe ilipata nguvu kutokana na lalamiko. Huko Marekani, kwenye chuo cha MIT, Richard Stallman alichoshwa na mashine ya kuchapa iliyokuwa ikikwama karatasi. Alitaka kuirekebisha programu yake, akanyimwa maandishi ya ndani. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, ili watu wawe na programu wasizofungiwa. Basi programu hizi zina wenyewe, tena wengi, na mlango wa kuwafikia uko wazi. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, ina daftari lake la kasoro ambalo mtu yeyote aweza kujiandikisha na kutia neno.

Nami nikatia neno, na leo naona haya kulikumbuka. Niliandika kwa hasira kwamba programu haifai kwa Kiarabu. Basi. Akanijibu mtu nisiyemjua, kwa upole kuliko nilivyostahili: Toleo gani unatumia? Ulibonyeza nini kwanza, kisha nini? Ulitazamia kuona nini, ukaona nini? Tafadhali tupe faili ndogo ya mfano. Nilikuwa sawa na mtu anayemwambia fundi "kanzu yako mbaya" akaenda zake, asiseme ni shingo au ni mkono.

Nilipokaa kuyajibu maswali yale, nikagundua nusu ya kosa ni langu. Nukta na mabano hayana upande wake. Hufuata herufi za jirani na mwelekeo wa aya, nami aya nilikuwa nimeiacha ianzie kushoto. Lakini nusu ya pili ilikuwa kasoro ya kweli: nikiihifadhi faili kwa muundo wa programu nyingine, kisha nikaifungua tena, ule mwelekeo niliouweka ulipotea. Hiyo nikaiandika upya, hatua kwa hatua, na kurasa moja ya maalim kama ushahidi. Mtu mwingine akajaribu kwake, akaiona, akathibitisha.

Kuomba nyongeza ni jambo jingine, wala tusilichanganye na hilo. Kasoro ni ahadi iliyovunjika. Nyongeza ni hisani. Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu twahitaji p, ch na v, ambazo alfabeti ya Kiarabu haina, na ambazo hati za Kiajemi na Kimalai zimeundia herufi zake. Kuzipata kwa wepesi kwenye kibodi ni ombi la haki. Ila wengi wanaofanya kazi hii hujitolea baada ya kazi zao za riziki, na ombi laweza kukaa miaka. Kuwatukana hakuwaharakishi.

Hata hivyo, sikubaliani na wale mafundi ambao kila wakiombwa kitu hujibu, "Maandishi yako wazi, kafanye mwenyewe." Maalim wangu afanye nini? Hajui kuandika programu, na daftari lenyewe aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Ujuzi wake ni kuliona kosa la hati kwa jicho moja, na huo mafundi wengi hawana.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa nawatupia vijana wetu wa Lamu, Malindi na Mombasa waliosomea kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Watu walikaa wakatafsiri neno kwa neno. Je, sisi twashindwa hata kumwandikia mzee mmoja lalamiko lake?

Kasoro ile niliyoiandika ingali wazi. Kila Ijumaa tukitoka msikitini maalim huniuliza, "Wamejibu wenzako?" Nami wiki hii namtayarishia faili ya pili ya mfano, maana wameniomba tena.