Kumwachia Mungu si kunyamaza

Wengine husema tumwachie Mungu kila kitu; ningeongeza kwamba kumwachia Mungu kisasi si kuficha ukweli. Mimi ni mtu wa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Wakati wa vita vya waasi wa RCD, jirani aliwaleta askari kwetu usiku. Wakabeba mbuzi, mabati na cherehani ya mama. Amani iliporudi, kaka zangu waliiona cherehani ile ile barazani kwa jirani yule, wakachukua petroli. Mama akasimama mlangoni: "Mkichoma kwake, watoto wake watachoma kwenu. Mungu ameona." Kesho yake alimpeleka yule bwana mbele ya wazee, akaeleza yote hadharani, na cherehani ikarudi. Nyumba zetu zote mbili zipo mpaka leo. Na ninyi mnaosema "damu kwa damu", tazameni jirani zetu wa Kabambare: kule Salamabila, kwenye mgodi wa dhahabu wa Namoya, bunduki imejibu bunduki miaka mingi, na wanaokimbilia porini na watoto mgongoni ni akina mama. Lakini jirani zetu wa Shabunda walikwenda kutoa ushahidi juu ya ukatili waliotendewa, na Novemba 2019 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kokodikoko, mkuu wa wanamgambo, kifungo cha maisha. Hakuna kijiji kilichochomwa ili hukumu hiyo ipatikane. Biblia na Kurani, vitabu tunavyosoma hapa Kasongo, vyote vinasifu anayesamehe, na vyote vinaamuru ushahidi wa kweli. Basi tuseme ukweli mbele ya wazee na mahakama, kisasi tumwachie Mungu.